Maji ya Buni

To. To. To. Bomba la jikoni kwa mjukuu wangu kule Moshono lilikuwa linavuja, na mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki nachambua mchicha. Sauti ile ilinikera. Mimi si mtu wa kuvumilia maji yanayomwagika bure. Nikainuka nitege sufuria, nikakuta nafasi imeshachukuliwa. Paka wa mjukuu wangu, jipaka nene lisilojua panya anafananaje, lilikuwa limepanda kwenye sinki, limekinga ulimi, linakunywa tone moja moja kama mgonjwa anayenyweshwa dawa. Chini karibu na mlango kulikuwa na bakuli lake la maji safi. Halikuguswa tangu asubuhi.

"Huyu ana maringo, Bibi," mjukuu wangu akasema. "Kesho fundi anakuja. Tuone hayo maringo atayapeleka wapi."

Mchicha ulibaki mkononi, na pua yangu ikanusa kitu ambacho hakikuwamo jikoni mle: harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha.

Maana hayo si maringo. Nayajua mimi. Nilimlea paka wa namna hiyo hiyo wakati Mwingereza alikuwa bado anatutawala, sisi tukikaa Akheri, kwenye mteremko wa Mlima Meru, katikati ya migomba na mibuni. Shule niliionja tu, kwa hiyo msitegemee kwangu maneno ya kurembwa. Nitawaeleza mambo yalivyokuwa.

Baba yangu alifanya kazi kwenye shamba la mzungu mmoja upande wa Tengeru, kwenye mashine ya kumenyea kahawa. Pale maji hayakusimama. Yalishuka kwenye mabomba, yakapita kwenye matangi, yakasukuma maganda mekundu, yakaenda zake, kutwa. Paka mmoja alizaa nyuma ya matangi yale, na jioni moja Baba akarudi na kitoto kimoja ndani ya mfuko wa koti. Kilinuka kahawa iliyochacha mpaka masikioni. Rangi yake ilikuwa kahawia, kama buni iliyokauka juani, basi nikamwita Buni. Mama aliuliza kama anakula panya au anakula watu. Baba akasema tutaona.

Tuliona. Panya wa dari letu walikuwa wameshakuwa kama wapangaji, wanatembea mchana, wanatafuna mahindi ya mbegu huku wanatutazama. Buni alipopata nguvu, dari likanyamaza. Hata Mama, ambaye kusifu kitu kwake kulikuwa kama kung'oa jino, alisema, "Afadhali."

Shida ikawa maji. Buni hakunywa maji yaliyotulia. Ukimwekea bakuli, anakaa mbele yake, anakutazama wewe, analitazama bakuli, kama mtu aliyeletewa deni la mwingine. Alikuwa ameanza maisha pembeni ya maji yanayotembea, na kwake maji yaliyosimama hayakuwa maji. Lakini kiu ni kiu. Basi akagundua mtungi wa Mama. Aliruka juu, akausukuma mfuniko, akaingiza mkono ndani, akakoroga mpaka maji yakatikisika. Hapo ndipo alipokunywa.

Mtauliza mbona asiende mferejini, maana mfereji ulipita karibu na ua wetu. Nami niliuliza. Ila Buni alipokuwa mdogo alitumbukia mle, maji yakamchukua mpaka kwenye migomba ya jirani yetu wa chini, Mama Elia, na huko mbwa akamkimbiza mpaka juu ya mti. Tangu siku ile, ukimbeba kuelekea mferejini alikuachia alama za kucha mpaka begani.

Sasa niwaeleze habari ya mtungi, maana mambo yote yalikuwa hapo. Maji ya mfereji yalikuwa ya shamba, ya ng'ombe na ya kufulia. Ya kunywa na kupikia yalitoka chemchemi, na chemchemi ilikuwa bondeni, chini ya mteremko ambao mvua ikinyesha unakuwa kama umepakwa sabuni. Mama alishuka na mtungi alfajiri, akapanda nao kichwani juu ya ngata ya majani makavu ya mgomba, bila kushika kwa mkono. Akikuta unyoya wa paka ndani, hakupiga kelele. Aliyamwaga yote kwenye shina la mgomba, akajitwika mtungi, akashuka tena. Ule ukimya wake ulikuwa mbaya kuliko fimbo. Tukiweka jiwe juu ya mfuniko, Buni alisukuma jiwe.

Siku moja akasukuma mtungi wenyewe. Ulikuwa mtungi mzuri, kazi ya wafinyanzi wa Upare, Mama alipewa alipoolewa. Ukabingirika, ukapasuka, maji yakazima moto na ndizi zikabaki nusu mbichi chunguni. Buni akanywa yale yaliyokuwa yanatiririka sakafuni, bila aibu yoyote.

Mama aliokota vigae, akavipanga pembeni. Kisha akasema, "Shangazi yako wa Moshono analia na panya. Gulio hili hatakuja, ana mgonjwa. Gulio lijalo akija Tengeru atapanda mpaka hapa. Ataondoka na huyu."

"Mama, nikimpatia maji yake mwenyewe?"

"Ana bakuli."

"Yanayotembea, Mama."

"Mimi pia natembea," Mama akasema, "na hakuna anayenishangaa." Akafunga kanga yake vizuri, akawaza kidogo. "Sikiliza. Kuanzia leo mpaka siku hiyo, nikikuta hata unyoya mmoja kwenye mtungi wangu, paka anakwenda. Nisipokuta, anabaki. Na kilio sitaki kusikia."

Mama yangu hakuwa mtu wa kurudia neno, wala wa kulibadilisha. Na mimi nilikuwa mtoto wake. Nikasema sawa.

Kazi ya kwanza nilitoboa debe kwa msumari, nikalitundika kwenye tawi la mparachichi, nikalijaza kwa kata kutoka mferejini. Tone likadondoka, Buni akaja mbio, akanywa. Nilicheka peke yangu. Lakini debe lenye tundu halina subira. Nikienda kukata majani ya ng'ombe na kurudi, limekwisha, na Buni yuko mlangoni pa jiko anapiga hesabu na mtungi mpya. Kutwa ile nilijaza debe mpaka mabega yakaniuma. Nikaona kwamba kama maji hayajileti yenyewe, nimeshindwa.

Kazi ya pili nilifikiri kibuyu, maana kibuyu kikubwa kina tumbo. Nikachuma kimoja kwenye uzio, nikakata shingo, nikakomba mbegu, nikakitundika siku hiyo hiyo. Wamama mnaosoma hapa mmeshaanza kucheka. Kibuyu kibichi! Kila mtoto wa kwetu aliyewahi kumwona bibi yake akikaa na kibuyu siku nenda rudi, akikitia maji na kumwaga, akikisugua kwa majivu, akikifukiza moshi, anajua kwamba kibuyu kisipotengenezwa ni kichungu kama shubiri. Nilijua. Ila haraka ilinifunga macho. Buni alilamba tone moja, akapenga, akatikisa kichwa mpaka masikio yakapiga makofi, na kwa siku mbili akaona kila kinachodondoka ni sumu yangu. Siku hizo mbili nilikaa mlangoni pa jiko na fagio kama askari wa boma.

Nikiwa hapo mlangoni ndipo niliposikia mfereji.

Nimeusikia tangu kuzaliwa, lakini kusikia na kusikiliza ni kazi mbili. Mfereji wetu ulishuka kutoka mtoni huko juu, ukapita nyuma ya ua wetu, ukafika kwenye mti wa mringaringa. Hapo ukakunja kona, ukaruka jiwe, ukateremka ubavuni mwa ua kwenda kwa Mama Elia na kwa wengine wa chini. Pale penye jiwe maji yalianguka, urefu wa goti la mtu mzima hivi, na yalianguka usiku na mchana, maana daima kulikuwa na mtu wa chini ambaye zamu ya maji ni yake. Nikawaza: yakianguka pale bure, kwa nini uzi mmoja usipite kwanza uani kwangu, umsalimie Buni, kisha urudi mferejini huko chini ya kona?

Wazo zuri. Lakini mfereji ulikuwa na sheria zake, na sheria hizo hazikuandikwa popote kwa sababu hakuna aliyethubutu kuzisahau. Kuteka kwa kata, kila mtu ruhusa, siku yoyote. Kuyaongoza maji yaende kwako, hiyo ni kwa zamu tu. Kutoboa ukingo wa mfereji lilikuwa kosa kubwa: mwenye nyumba aliwapikia wazee pombe ya faini, na bado zamu yake ikakatwa. Na mwanamke, awe mkubwa au mtoto, hakugusa kazi ya mfereji kabisa. Wanaume walisema maji yangekasirika. Maji yenyewe sisi wanawake ndio tuliyabeba kichwani kila siku, wala hatukuyasikia yakinuna.

Nilizunguka lile jiwe kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwisho nikaona njia. Sitatoboa ukingo. Nitakinga tu mdomo wa mwanzi chini ya yale yanayoanguka, hapo hewani, yakiwa yameshaacha ukingo na hayajafika chini. Niliona hiyo ni kuteka. Ni kata ndefu tu.

Baba alikuwa ameshusha mianzi kutoka msituni ya kuegemezea migomba yenye mikungu. Nilimwomba miwili. Akaniuliza ya nini, nikamwambia. Akakuna shingo. "Chukua ile iliyopinda," akasema, "na mimi sijaiona." Hiyo ndiyo ilikuwa namna ya Baba ya kukubali jambo.

Mwanzi una vifundo ndani, kila kifundo ni mlango uliofungwa. Nilitia chuma kwenye moto mpaka kikawa chekundu, nikakisukuma ndani, kikatoa moshi na mlio kama wa nyoka. Vifundo vya karibu vilitoboka. Vya katikati chuma hakikufika, nikageuza upande wa pili. Kovu hili kwenye kiganja changu cha kushoto, wajukuu wakiniuliza, nawaambia nilishikana mikono na mwanzi. Sikulia, kwa sababu kilio kilikuwa kimeshakatazwa, na kwa sababu Mama alikuwa anapita na kuni. Alitazama kiganja, akaingia ndani, akatoka na jani la mshubiri, akalipasua, akanipaka. Kisha akaenda zake na kuni zake.

Nilihitaji kitu cha kupokea maji. Pembeni mwa nyumba kulikuwa na jiwe la zamani la kusagia ulezi, la bibi mzaa baba, limechakaa katikati mpaka limekuwa kama bakuli. Nililisukuma kwa mgongo, kwa miguu, kwa nguzo, kutoka pembe moja ya ua mpaka nyingine. Mama alisimama na ungo wake akanitazama.

"Hilo jiwe ni la mama mkwe wangu."

"Ndiyo, Mama."

"Ukilivunja utalala nalo." Akapeta mara moja, mbili. "Na uligeuze. Upande huo una ufa."

Nikaligeuza. Upande wa pili ulikuwa mzima.

Pale mianzi ilipokutana niliifunga kwa kamba za mgomba na kukandika udongo wa kichuguu. Ilivuja. Nikakandika tena. Ikavuja pengine. Nadhani nilikandika ua mzima. Upande wa jiwe ambako maji yangefurika, nililaza magamba ya mgomba, lile ganda la shina lililojikunja lenyewe kama mfereji mdogo, yakashika njia kuteremka mpaka mferejini chini ya kona. Kisha nikapanda mpaka penye mringaringa, nikakinga mdomo wa mwanzi chini ya maji yanayoanguka.

Kwanza yalitoka vumbi na wadudu wenye hasira. Kisha maji meusi. Kisha, kidogo kidogo, uzi mmoja mweupe, mwembamba kama kalamu, ukaanguka kwenye jiwe la bibi. Jiwe likajaa, likafurika, magamba yakapokea, maji yakarudi nyumbani kwao. Hakuna aliyekuwa anajaza, hakuna aliyekuwa anafunga. Nilirudi nyuma nikakaa chini kwenye tope. Sijui kama nimewahi kukaa mahali pazuri hivyo.

Kuku walikuja kwanza. Akaja mbuzi, nikamfukuza. Buni alikaa juu ya rundo la kuni, mgongo umegeuka, ananikumbusha kibuyu. Jua lilipoanza kuingia nyuma ya migomba akashuka. Alinyoosha mkono, akaupiga ule uzi kofi, akalamba mkono. Akatulia. Akaingiza kichwa kizima. Alikunywa mpaka tumbo likaning'inia.

Tangu hapo mtungi wa Mama ulikuwa msafi. Aliufunua kila asubuhi, akachungulia, akafunika. Mimi nikihesabu pumzi zangu.

Siku ya gulio ikafika. Shangazi alikuja mapema kabla ya kushuka sokoni, na kikapu chenye mfuniko, na kamba. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. "Yuko wapi huyo simba wangu?" Mama alikuwa bado hajamjibu tuliposikia kelele zikipanda ubavuni mwa ua. Mama Elia. Zamu ilikuwa yake, na maji yalimfikia matone matone kama machozi. Alikuwa ameufuata mfereji juu kutafuta mwizi, na ameuona mwanzi wangu. Nyuma yake alikuwa Mzee Anaeli, mzee wa mfereji, na kijiti chake cha kutembelea.

"Tazama!" Mama Elia alipiga makofi. "Tazama, Mzee! Migomba yangu inakauka, paka wa watu anaoga!"

"Anakunywa," nikasema.

"Nyamaza," Mama akasema.

"Shikamoo, Babu," nikamwambia Mzee Anaeli, maana hata ukishtakiwa, salamu ni salamu.

"Marahaba." Alikuwa mzee mfupi, masikio mazito, na mfereji aliupenda kuliko watu. Hakututupia jicho hata mara moja. Alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe la mfereji, akapiga magoti kwenye tope kwa shida, akapitisha vidole kwenye ukingo, polepole, kama mtu anayepapasa mbavu za ng'ombe anayetaka kumnunua. Kama angekuta tundu, Baba angepika pombe, zamu yetu ingekatwa, na Buni angeingia kikapuni.

"Ukingo ni mzima," akasema. "Nani amefanya hii?"

Mama Elia akasema, "Baba yake, nani mwingine."

"Mimi," nikasema.

"Msichana?" Mama Elia aliweka mikono kichwani. "Msichana amegusa mfereji! Ndiyo maana maji yanapungua!"

"Babu," nikasema, "maji hayabaki hapa. Yanapita tu. Yote yanarudi pale chini. Kama hayarudi, nivunjie."

Mzee Anaeli aliinuka. Alimtuma Mama Elia ashuke kwenye mlango wake wa maji, achomeke kijiti pembeni, akate alama pale maji yalipofika. Kisha akauondoa mwanzi wangu kwa mkono wake mwenyewe, uzi ukakatika, jiwe likanyamaza. Tukasubiri.

"Yamepanda?" mzee akaita.

"Hapo hapo!" sauti ya Mama Elia ikatoka kwenye migomba.

"Tazama vizuri!"

"Nimetazama! Hapo hapo!"

Akarudisha mwanzi. Akasubiri tena, akaita tena, akajibiwa kwa hasira kwamba hapo hapo, na kwamba yeye si mtoto wa kuchezewa. Ndipo mzee akaanza kushuka kwa kufuata ukingo, akigonga kwa kijiti chake, sisi sote nyuma yake kama msafara wa harusi. Karibu kabisa na mlango wa Mama Elia, juu yake hatua chache, kijiti kikazama. Fuko alikuwa amechimba ukingo. Maji ya Mama Elia yalikuwa yanaingia ardhini, chini ya migomba yake mwenyewe.

"Mwizi wako huyu," mzee akasema. "Na hana mwanzi."

Shangazi alicheka mpaka akashika mti. Mama Elia akasema hata hivyo msichana ni msichana, na desturi ni desturi. Hapo Mzee Anaeli akaitazama njia tuliyotoka. Nilijua bado hajamaliza.

"Mwanzi utabaki," akasema mwisho. "Lakini anayekula mfereji anausafisha. Siku ya kusafisha, huyu atapanda na jembe pamoja na wanaume. Asipopanda, nautoa."

Hakuna msichana aliyewahi kupanda. Nilimtazama Baba, ambaye alikuwa ametokea na kusimama nyuma ya mringaringa. Baba alitazama miguu yake. Ni Mama aliyejibu.

"Atapanda," akasema. Kisha akamgeukia wifi yake. "Na wewe kikapu chako nitakujazia ndizi. Mtungi wangu haukuwa na unyoya."

Shangazi alilalamika mpaka getini kwamba ndizi hazili panya.

Nilipanda. Jembe la Baba lilikuwa na mpini mrefu kuliko mimi. Vijana walinicheka, mmoja akauliza kama nimekuja kutafuta mchumba kwenye tope. Nikachimba. Maji ya mlimani yaliuma mifupa, majani yaliyooza yakanuka, na tulipofika huko juu ambako mfereji unazaliwa kutoka mtoni, Mzee Anaeli akanionyesha kwa kijiti sehemu yangu, akaipima kwa macho, sawa na ya wengine, si ndogo. Niliimaliza. Maji yalipofunguliwa hayakukasirika. Yalipita kwenye miguu yangu yakaenda zake kama kawaida. Baada ya hapo hata Mama Elia alinizoea, na mafuko walipomzidi alikuja uani kwetu, akikohoa, kumwazima Buni.

Basi ningeweza kuishia hapa, na kwa miaka mingi nilipowasimulia watoto wangu niliishia hapa: nilipigania paka, nikashinda. Lakini kuna asubuhi moja ambayo sikuwa nikiitia kwenye hadithi, kwa sababu sikuona ina nini ndani yake.

Ilikuwa muda mfupi baada ya ile siku ya kusafisha. Nilitoka nje nikamkuta Mama kwenye jiwe la Buni, amekaa juu ya kigoda, miguu ameinyoosha, ndoo ametega chini ya ule uzi. Alikuwa amefumba macho. Sijawahi kumwona Mama amekaa asubuhi. Buni alikuwa pembeni yake, anangoja zamu.

"Mama, unafanya nini?"

"Nateka maji ya kufulia."

"Yanajaa polepole."

"Najua," akasema, bila kufumbua macho. "Acha yajae polepole."

Kabla kahawa haijaisha kuvunwa, mdogo wangu akazaliwa. Sisi watoto tuliambiwa mkunga amemleta kwenye kikapu, na tukaamini, maana siku zile mtoto hakuulizwa anaamini nini. Kwamba Mama alikuwa amenenepa niliona, nikadhani ni ndizi.

Miaka ikapita, nikaolewa, nikawa na mtungi wangu na mteremko wangu. Siku moja nilikuwa mja mzito wa mtoto wangu wa pili, wa miezi ambayo ukiinama hujui kama utainuka. Nimetoka bondeni, nimetua maji, nimeshika kiuno. Mkubwa wangu, kitoto kinachotambaa, akatumbukiza mkono wenye tope ndani ya maji, akakoroga, akanicheka. Nikaumwaga mtungi. Nikautazama ule mteremko. Na nikakaa chini, pale pale, nikalia kwa sauti, mimi ambaye sikulia nilipochomwa na chuma.

Ndipo nilipomwona akilini Mama yangu anamwaga maji kwenye shina la mgomba, anajitwika, anashuka tena, kimya, na mdogo wangu tumboni. Mara ngapi? Sikuhesabu. Nilikuwa nahesabu mara alizokunywa paka. Nilidhani Mama anamchukia Buni. Mama hakuwa na nafasi ya kumchukia mtu yeyote. Alikuwa amechoka, na hakukuwa na mtu pale nyumbani wa kumwambia neno hilo, isipokuwa mtoto mwenye masikio kwa ajili ya paka tu. Kwa hiyo aliniambia kwa njia aliyokuwa nayo: akanipa siku ya mwisho, akanipaka shubiri, akanionyesha ufa.

Fundi alikuja kesho yake kama mjukuu wangu alivyosema. Akakaza bomba, likanyamaza. Jipaka likapanda kwenye sinki, likakaa, likanitazama mimi, likalitazama bomba. Mjukuu wangu alikuwa amerudi kutoka kazini, bado kiatu kimoja mguuni, tumbo limeanza kutangulia mbele yake, anatafuta sufuria ya kupikia.

"Kaa," nikamwambia.

"Bibi, bado sijapika."

"Nimesema kaa."

Nikamvutia kiti cha plastiki. Nikafungua bomba kidogo, uzi mwembamba, nikatega sufuria chini yake, na nikaacha ijae polepole, paka akinywa pembeni.